Aliyetakiwa Saadani ni Mnyamwezi

Wapendwa wa kikundi chetu cha maombi, tangu nimerudi mnakuja mmoja mmoja, mnakaa kwenye kile kiti karibu na cherehani yangu, mnajifanya mna gauni la kupunguza, kisha mnauliza kwa sauti ya chini: "Mama Joshua, Rahel yuko wapi?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mmoja anaondoka na kipande chake na kukitia chumvi njiani. Naandika yote hapa, msome wenyewe. Na ili msirukeruke kurasa kutafuta jibu, nawaambia mapema: Rahel nimemwacha Saadani.

Najua sivyo mlivyoniagiza. Salimu, mume wa mdogo wangu Rahel, alipofariki kwa homa ya mapafu na kuzikwa siku ile ile kama desturi ya dini yao, mlinizunguka, mkaniwekea mikono, mkasema nirudi na binti yetu. Halafu ikaja simu ya shemeji Athumani, kaka wa marehemu. Maneno yake mnayakumbuka, kwa kuwa niliwarudia yalivyo: "Shemeji, njoo wewe mwenyewe, usimtume mtu. Hapa anatakiwa Mnyamwezi." Nikauliza anatakiwa kwa shughuli gani. Mtandao ukakata, na nilipompigia tena hakupatikana.

Mtu anayeitwa kwa kabila lake asiambiwe shughuli, awaze nini? Mimi niliwaza kafara. Msinicheke, na ninyi mliwaza hivyo hivyo. Mama Upendo ndiye aliyelitamka neno hilo kabla yangu. Ndiyo maana nilifunga safari na chakula changu mwenyewe: mayai ya kuchemsha, maandazi ya jikoni kwangu, na maji ya chupa ambazo kila kifuniko nilikikagua.

Bagamoyo, kwa Bi Salma

Njia ya kutoka kwetu Tegeta mpaka Bagamoyo mnaijua, sina la kuwaongezea. Kabla ya safari Athumani alikuwa ameniletea ujumbe kwamba nipitie mji wa zamani, kwa shangazi yao Bi Salma, kuna kitu cha kumpelekea mama yao. Kitu gani, hakusema. Watu wale hawasemi kitu mpaka mwisho, nikajisemea, na mwenye nia njema haogopi kumaliza sentensi.

Bi Salma nilimkuta uani, mnene, mchangamfu, ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi mbele ya kikaango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kucha. "Wewe ndiye Mnyamwezi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona mwembamba hivi? Ataiweza kazi huyu?" Akageuka kumwita bintiye ndani. "Njoo umwone! Wazee wake walikuja mji huu na pembe za ndovu kichwani, yeye kaja na kibegi."

Binti akatoka, akanitazama, wakacheka wote wawili hadi Bi Salma akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Sikucheka. Nilikuwa nawaza neno moja tu, kazi. Kazi gani?

Akanikaribisha chai na vitumbua. Nikasema nimefunga. Ulikuwa uongo, na wa kijinga, kwa sababu joto lilikuwa limeyafikia mayai yangu na harufu yake ilikuwa imejaa ua mzima.

"Umefunga," akasema Bi Salma, macho yake kwenye begi. "Haya, Mwenyezi Mungu akupokelee."

Nilipoaga akanipa kifurushi kilichofungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, kizito kidogo, kina ulaini ulaini. Akaushika mkono wangu na ucheshi wote ukamtoka. "Mpe Mwanaidi mwenyewe, mkononi. Usimwachie ukaondoka. Hakikisha anakula mbele ya macho yako, hata akikataa. Umenisikia, mwanangu?"

Bi Mwanaidi ni mama yake Salimu, mkwe wa Rahel. Nilitoka pale kifurushi nimekishika mbali na mwili. Mama mzima alazimishwe kula kitu, tena na mgeni? Akianguka, nani aliyempa? Mnyamwezi, Mkristo, mtu wa mbali asiye na wa kumtetea. Nikasema sasa nimewaelewa. Kafara si mimi, mimi ni kisu.

Msata, Miono, Mkange

Kwa nini sikukitupa? Nimejiuliza hata mimi. Nadhani niliogopa kukitupa kama nilivyoogopa kukibeba. Kutoka Bagamoyo mpaka Msata nilikiweka sakafuni, nikakikanyagia kiatu kimoja ili nijue kama kitasogea. Msata tulikaa saa nyingi kusubiri gari la kwenda Miono. Mama mmoja wa Kikwere aliyeketi karibu yangu akanimegea muhogo wa kuchoma, wa moto, wenye chumvi na pilipili, na harufu yake ilinitoa udenda. Nikakataa. Akala wote mwenyewe, taratibu, akinitazama kwa huruma kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Mbele ya Miono gari likafa. Dereva akaingia uvunguni, abiria wakashuka kutafuta kivuli, mimi nikabaki ndani nikilinda kifurushi kisimdhuru mtu na begi lisiibwe. Tulifika Mkange jua limeinama, na gari la kwenda Saadani lilikuwa limeshaondoka.

Hapo nikamshukuru Mungu, maana nilielekezwa kwa Mama Debora, mwimbaji wa kwaya, Mkristo mwenzetu. Moyo ulitulia papo hapo. Alinipakulia ugali na maharage ya mchana, nikala bila kuuliza yamekaa wapi wala kwa muda gani, nikaongeza. Kifurushi nilikiacha kibarazani, sikutaka kiingie nyumba ya watu wa Mungu.

Asubuhi nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi chooni. Nikiwa katika safari mojawapo nikamsikia Mama Debora akiniita: "Dada, mzigo wako umeliwa na sisimizi!"

Nilipofika alikuwa ameshakifungua. Ndani mlikuwa na halua iliyofungwa kwa ukili na visheti vilivyovingirishwa sukari, na sisimizi wamejipanga kama wako kwenye gwaride. Kabla sijapata pumzi ya kumpigia kelele akapangusa kisheti kimoja, akakitia mdomoni. "Vitamu," akasema.

Nikamkazia macho. Nilingoja adondoke. Alifagia ua, akachota maji, akaimba pambio, akala kisheti cha pili, na mimi nikawa namfuata nyuma kama mkaguzi, mkono mmoja tumboni. Hakudondoka. Aliyekuwa hoi ni mimi, kwa maharage ya mpendwa. Hilo lilinikera kuliko lilivyonifundisha, nawaambia kweli. Nikakifunga kifurushi upya, nikajisemea kwamba zipo sumu za kusubiri.

Kirikuu cha Shomari

Kutoka Mkange nilipata kirikuu, kile kipikapu kidogo, kilichokuwa kinakwenda Saadani kuchukua kamba wa baharini. Dereva anaitwa Shomari, kijana wa maneno machache. Baada ya mwendo mrefu akauliza bila kugeuza kichwa: "Mama, wewe ndiye yule Mnyamwezi?"

"Nani kakwambia?"

"Kijiji kizima kinajua. Wanakusubiri kwa hamu."

Nilishika kitasa cha mlango, nikakikuta kimevunjika, kinafunguka kwa nje tu. Hata hilo nililiandika moyoni. Tulikuwa tumeshaingia hifadhini, barabara nyekundu, nyasi pande zote, hakuna nyumba wala mtu. Na hapo Shomari akasimamisha gari, akazima injini.

"Usishuke," akasema. "Nyamaza kabisa."

Wapendwa, nilifumba macho nikaanza kuomba kwa sauti yangu yote, ile ya mkesha. Nilikemea, nilifunga, nilivunja. Shomari akanishika bega. "Mama, tafadhali. Ukipiga kelele watakuja."

Nikafumbua macho. Tembo watano au sita walikuwa wanavuka barabara mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliona matope yaliyowakauka magotini. Mmoja mkubwa akasimama, akatandaza masikio, akatugeukia.

Nikaomba kimya. Sikumbuki kama nimewahi kufanya hivyo tangu niokoke. Na maneno ya kichwani, mtu ukinyamaza, unayasikia kuliko ya mdomoni. Nilisikia sala yangu ikisema: wapige, wafunge, warudishie, wateketeze. Nani sasa? Tembo? Shomari, aliyekuwa anatiririkwa na jasho pembeni yangu? Nikatafuta sala nyingine ndani yangu ya kumwambia Mungu, nikakosa. Tangu Tegeta nilikuwa sijaomba neno moja kwa ajili ya mtu, wote niliwaombea dhidi yao. Hata Rahel, ninayemfuata, nilikuwa nimemwombea atoke, sijamwombea afarijike.

Sisi hufundishana kwamba mwenye imani haogopi. Kwa hiyo mtu anapoogopa hakiri, anaivika hofu yake nguo za imani na kuipeleka ibadani. Hofu yangu ilikuwa imejifunza kusali, ilikuwa inajua mpaka kunena kwa lugha. Nililiona hilo nikiwa mbele ya tembo, wala silisemi kwa fahari, maana nililiona na bado nikaendelea kuogopa.

Tembo wakapita. Shomari akawasha gari, akafuta uso kwa kofia yake. "Hata mimi huwa naogopa," akasema. "Kila siku napita hapa, sijazoea."

Mlangoni kwa Bi Mwanaidi

Saadani inakupokea kwa harufu ya samaki waliotandazwa juani. Athumani alinipokea garini, akanishukuru kwa mikono miwili, akatangulia kwenda kutoa taarifa. Nyumba ilikuwa na wanawake wengi uani. Nikatoa salamu, "Hodi wenyewe!"

Hawakuitikia karibu. Mmoja akasimama mlangoni, akaweka mchi wa kutwangia kukinga njia. Wa pili akaninyang'anya begi. Wa tatu akanizungushia kanga kiunoni na mikononi, akakaza fundo.

"Mpagazi amefika!" akapaza sauti yule wa mchi. "Tumemkamata! Zamani mlibeba pembe, leo umekuja kumbeba mke wetu? Hutoki hapa. Tutakuzika nyuma ya choo, na sanda hatukupi."

"Damu ya Yesu!" nikapiga ukelele. Huo niliupiga kwa nguvu zote, tembo au hakuna tembo.

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akaanguka chini kabisa, akagaragara. Na ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha la wavu, nikasikia kicheko ninachokijua tangu utotoni. Kilikuwa cha Rahel. Alicheka, halafu akaanza kulia, halafu akasema: "Dada jamani, ni utani! Wazigua ni watani zetu! Kwani hujui?"

Nilijua kwa kusikia, kama mtu anavyojua kuwa kuna theluji. Ninyi mliokulia bara mtashangaa, lakini baba yetu alipookoka aliufuta utani nyumbani kwetu pamoja na ngoma na pombe. Tulikulia Dar, hakuna aliyewahi kutukamata wala kututukana kwa mapenzi. Kwa hiyo nikiwa mtu mzima, mwenye wajukuu, nilisimama uani kwa watani zangu nimefungwa kanga, nikiamini nazikwa.

Wakanifungua, wakanipangusa vumbi, wakanikumbatia, wakalia nami kwa ajili ya Salimu. Yule wa mchi ndiye aliyelia zaidi.

Chumbani, kisha mkekani

Rahel alikuwa amekaa eda. Ni Mkristo bado, msalaba wake mdogo uko ukutani, lakini alichagua mwenyewe kumkalia mumewe eda kwa heshima yake, na hakuna aliyemlazimisha. Nilimwambia afungashe taratibu, gari la kamba linarudi Mkange.

"Siondoki, dada. Eda haijaisha. Na hata ingekuwa imeisha, nisingeondoka. Mama hali."

"Hali nini?"

"Hali chakula. Tangu tumzike Salimu. Anakunywa chai ya rangi, uji kidogo akibembelezwa sana. Zahanati wamemwekea maji, wamesema hana ugonjwa, ale. Amekataa. Anakwisha tunamwona."

Nikauliza mimi nimeitiwa nini. Rahel alinitazama kama anamtazama mtoto asiyeelewa somo. "Mimi ni mkwe wake, nitamlazimishaje? Wanawe wanamwogopa. Majirani amewafokea. Mtani tu ndiye anayeweza kumkorofisha mfiwa, akamtania na msiba wake, akamtia tonge mdomoni, na mtani hanuniwi. Alikuwepo Mnyamwezi mmoja hapa, askari wa hifadhi, amehamishwa. Athumani akasema basi tumwite dada yako. Alidhani unajua."

Ndiyo hiyo kazi. Ndiyo hiyo halua, aliyokuwa akiipenda Bi Mwanaidi tangu ujana wake Bagamoyo. Nilikaa kwenye kitanda cha mdogo wangu nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Mnadhani hofu iliondoka hapo? Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini walipotandika mkeka na kuleta sinia, wali wa nazi, samaki wa kuchoma, mchuzi wa kamba, na kile kifurushi kikafunguliwa pembeni, niliirudisha mikono mapajani. Akili ilikuwa imeshaambiwa, tumbo lilikuwa halijaambiwa. Bi Mwanaidi akaletwa, ameshikwa kwapa pande zote mbili, mwepesi, mashavu yamebonyea. Akaketi mbele yangu. Akaitikia shikamoo yangu kwa midomo tu. Hakugusa sinia. Na ile sauti ya ndani, baada ya yote niliyoyaona, ikaninong'oneza: mwenyeji asiyekula alichokupikia, mwangalie.

Nikajaribu utani. Sijui utani, wapendwa, niliokota maneno kama mtu anayeokota mchele kwenye mchanga.

"Bi Mwanaidi," nikasema, "nimetoka Dar kwa ajili ya wali wako, na wewe unanitolea macho. Unataka kumfuata mwanao ili tule wali wa msiba mara mbili?"

Wanawake wakatazamana. Nikaona nimeharibu. Bi Mwanaidi akainua uso, polepole, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mtani," akasema, sauti imekauka, "mbona wewe huli?"

Nikatazama sinia.

"Salma kapiga simu. Hukunywa hata chai kwake. Shomari kasema njia nzima umeshika chupa yako kama kichanga. Umekuja kunilisha, na wewe mwenyewe huli kwetu. Unatuogopa?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama mikono. Rahel alikuwa kizingitini mwa chumba chake. Nilielewa kwamba nikisema uongo mwingine wa kufunga, mama huyu atasimama, atarudi kitandani, na hatatoka tena. Na atakuwa na haki.

Nilitaka kukemea. Nilizoea kukemea. Badala yake nikamkumbuka Bwana wetu usiku ule bustanini, alivyoogopa mpaka jasho likamdondoka kama damu. Tumeihubiri habari hiyo kila mwaka na sijawahi kuisikia. Aliogopa. Hakuificha hofu, hakuiita jina lingine, alimwambia Baba yake waziwazi, kisha akainuka akaenda. Nikamwambia Mungu kimya: naogopa, na huyu mama amefiwa na mwanawe, na tangu Tegeta sijalifikiria hilo hata mara moja. Amina. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yote.

Nikanawa. Nikamega tonge la wali, nikalichovya mchuzi. Mkono ulitetemeka hadi punje zikadondoka mkekani, kila mtu aliona. Nikatia mdomoni. Nikatafuna. Nikameza, na kumeza kwenyewe kulisikika.

Bi Mwanaidi alikuwa ananitazama mkono.

"Unaogopa, mtani?"

"Naogopa, mama."

"Na unakula?"

"Nakula."

Kisha akasogea mbele kidogo juu ya mkeka, akaukunja mguu wake vizuri kama mtu anayejiandaa kukaa.

"Basi nimegee na mimi," akasema, na akafungua kinywa.